Picha ya Bibi

Mimi kazi yangu ni kuchagua picha za mastaa. Napekua mia nzima nipate moja tu ya kupamba jalada.

Siku Bibi alipofariki, nilipanda basi hadi Same, kisha gari la milimani mpaka Mamba, kule kwenye mashamba ya tangawizi. Baba mdogo akanipokea na swali: "Wewe mtu wa magazeti, picha ya kuweka kwenye jeneza umekuja nayo?"

Jamani! Sikuwa nayo hata moja. Ikabidi tukuze ile ya kitambulisho cha kupigia kura, Bibi katoa macho kama ana kesi.

Usiku nikamuwaza Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kushika kamera akiwa mwanafunzi Dar es Salaam. Marais na watu maarufu aliwapiga kibao. Lakini dunia inamkumbuka zaidi kwa watu wasiojulikana: wenye njaa wa Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, akarudi kazini na wa bandia. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Comoro.

Mwenzangu yule aliwapa wasiojulikana uzito uleule wa marais. Mimi nilimnyima bibi yangu mwenyewe.

Wewe je? Simu unayo, kamera ipo. Mama yako ana picha nzuri? Mkalishe kwenye mwanga, mchekeshe, mpige. Leo.