Kugeuka Sio Kushindwa, Wasee

Niko na video sijawahi kuposti. Ni sisi sita tukishuka Mlima Kenya saa moja asubuhi, nyuso zimekunjamana, Point Lenana tumeiacha nyuma. Usiku theluji ilianguka pale Austrian Hut, mita 4,790, na mwelekezi wetu akasema tunarudi.

Nikamuuliza, "Mzee, si imeacha kuanguka?"

"Imeacha, lakini mawe yameshika barafu. Mlima hauhami, kijana wangu."

Kibaya zaidi, tukiwa njiani jua likawaka, anga safi kabisa. Nilinuna mpaka getini. Niliona amenikosesha picha kali ya maisha yangu.

Leo namwelewa. Theluji yetu ni kidogo. Hapa kwetu shida ni utelezi, baridi na mawingu. Lakini kwenye milima yenye theluji nyingi, lile swali langu la "si imeacha?" limeua watu.

Iko hivi. Theluji hukaa tabaka juu ya tabaka. Dhoruba ikirundika mzigo mpya juu ya tabaka dhaifu, mteremko unaweza kuonekana umetulia kabisa, kumbe unangoja tu mtu aukanyage. Ndiyo maana saa 24 hadi 48 baada ya dhoruba ni za kuogopwa sana, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Na lile jua tunalolishangilia? Likiipasha moto theluji mpya, linaweza kuongeza hatari.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: katika ajali nyingi zenye vifo, poromoko huanzishwa na mwathiriwa mwenyewe au mtu wa kundi lake. Ukifukiwa, wenzako wana kama dakika 10 hadi 15 za kukuchimbua. Nusu saa ikipita, wengi huwa wameshakosa hewa.

Na usidhani ni mambo ya wale wa kamba na shoka za barafu tu. Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud yalitoka Ghuba ya Bengal yakamwaga theluji Nepal, karibu na njia ya Thorong La, mita 5,416. Hiyo ni njia ya watembeaji kama sisi, na Oktoba huhesabiwa msimu mzuri. Dhoruba na maporomoko yaliua watu zaidi ya 40, wageni na Wanepali.

Ulaya hatari hutangazwa kwa kiwango cha 1 hadi 5. Vifo vingi havitokei kwenye 5, maana siku hiyo watu huogopa. Hutokea kwenye 3, pale mtu anajiambia, "Ah, si mbaya sana."

Sasa nijiseme na nyinyi mniskie. Sisi wa kuposti tunachangia. Tunaonyesha kilele tu, hatuonyeshi siku tuliyogeuka, kwa hivyo kijana akilipa pesa yake ya safari anaona kurudi ni aibu. Halafu mwelekezi akikataa, tunamsukuma: "Mzee, kidogo tu."

Mimi nimeacha. Wiki hii ile video ya nyuso zilizonuna inatoka. Mkicheka, chekeni. Wote sita tuko hapa kucheka nanyi.

Na wewe, ungegeuka?