Usihame Mawinguni kwa Wikendi Moja

Wiki jana mteja wangu, mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, alinipigia simu akiwa na furaha tele. Amepata watu wa kumhamishia mifumo yote mawinguni: mauzo, stoo, mishahara. Ijumaa jioni seva ya ofisini inazimwa, Jumatatu asubuhi kila kitu kiko tayari. Nikamwambia asitie sahihi. Akanuna.

Jamani, mimi si adui wa wingu. Seva yake iko chini ya meza, inakula vumbi na kuzimika kila stima ikipotea. Ihame, tena haraka. Ninachopinga ni hiyo "wikendi moja".

Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake milioni 5.2 hivyo hivyo, kwa mkupuo, kwenye mfumo mpya. Wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao. Mambo hayakurudi sawa mpaka Desemba, na mwaka 2022 ikapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Hiyo ni benki, na pesa zote zile! Sembuse duka la mabati?

Mpango wangu unachosha, najua. Hamisha kwanza kitu ambacho kikianguka hakuna atakayelia, kama picha za bidhaa. Programu ya mauzo na hifadhidata yake zihame pamoja. Ukiziachanisha, kila risiti itasafiri mtandaoni kwenda na kurudi mara kadhaa, na keshia atakulaani. Mishahara iwe ya mwisho, tena mbali na tarehe 9, siku ya mwisho ya kulipa PAYE. Seva ya zamani usiiguse mpaka hesabu za mwezi mzima zifungwe upande mpya.

Halafu kuna swali ambalo wauzaji hawa hawalipendi kabisa. Mauzo ya Jumatatu yakishaingia upande mpya, na Jumanne tukalazimika kurudi nyuma, hayo mauzo yatarudi vipi? Kuacha seva ya zamani ikiwaka hakutoshi kama haijui kilichouzwa jana. Na nani mwenye amri ya kusema turudi? Aandikwe jina kabla ya kuanza.

Mteja aliwauliza. Wakasema watampigia.

Jana, wakati tukiwasubiri, nilijaribu kurejesha bakapu yake kwenye mashine nyingine. Faili ziko, moja kwa kila usiku. Tangu Machi zote ni tupu.