Mtoto Mwenye Ulemavu na Haki ya Kusikilizwa



Katika nyumba zilizo jirani nasi wamo watoto wenye ulemavu wa akili au usonji ambao hulishwa, huvikwa na kuogeshwa, lakini hawafundishwi kujilisha, kujivika wala kuomba maji. Tunawahurumia, lakini huruma isiyomsaidia mtoto kujitegemea haijatimiza haki. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 23, unadai mtoto mwenye ulemavu alindiwe heshima yake, asaidiwe kujitegemea na kushiriki katika jamii.

Njia mojawapo ni tiba ya muziki, mtaalamu mmoja kwa mtoto mmoja. Mwaka 1959, huko Uingereza, mtunzi wa muziki Paul Nordoff kutoka Marekani na mwalimu Clive Robbins walianza kazi ya namna hii kwa watoto wenye ulemavu. Hawakumlazimisha mtoto aufuate muziki. Muziki ndio uliomfuata mtoto. Akipiga ngoma kwa pupa, piano ilimjibu kwa mwendo wake, akinyamaza, ilimngoja.

Katika kupokezana huko mtoto hujizoeza kungoja zamu, kumsikiliza mwenzake na kuonyesha alitakalo. Hata kunawa mikono huweza kutungiwa wimbo mfupi, kila mstari ukiwa hatua moja: kulowesha, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kukausha. Hatua ikizoeleka, maneno yake huachwa, hadi mtoto anawe bila kuimbiwa.

Wapo watakaouliza: kwa nini nusu saa nzima itumike kwa mtoto mmoja, ilhali wenye shida ni wengi? Tunajibu kwamba katika kundi ni huyu aachwaye nyuma. Haki si kuwapa wote kipimo kimoja, bali kumpa kila mmoja kadiri ya haja yake.

Hata hivyo, tusiwadanganye wazazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi 9, haukuonyesha kwamba tiba ya muziki ilipunguza dalili za usonji kuliko huduma za kawaida. Tusiahidi uponyaji, basi. Tuulize jambo dogo zaidi: je, leo mtoto anaweza kufunga kifungo ambacho mwezi uliopita alifungiwa? Asipoendelea, itafutwe njia nyingine.

Kwetu Afrika Mashariki wataalamu wa tiba hii ni wachache, na mwalimu wa kwaya si tabibu. Lakini anaweza, kwa kuongozwa na mwalimu wa elimu maalumu, kuketi na mtoto mmoja na ngoma moja, kila juma, kwa saa ileile. Viongozi wa jumuiya hawana budi kuwatambua watoto waliofichwa ndani, na kuwatia moyo wazazi wawatoe bila aibu.

Tumekwisha kuwasemea watoto hawa kwa muda mrefu. Sasa yatupasa kunyamaza kidogo, tungoje wapige ngoma, nasi tuwajibu.