Nani Kasema Walikaa Ndani?

Riwaya ikimwonyesha msichana wa Uingereza ya Zama za Kati akiongoza watu vitani, hawakosekani wasomaji wa London wa kuguna: huyo ni mwanamke wa leo aliyevishwa gauni la kale. Wa siku zile, wanadai, walikaa ndani wakidarizi. Dai hilo lina sura ya kisomi, lakini halina ushahidi.

London yenyewe inalikanusha. Februari 1141 jeshi la Matilda, binti ya Mfalme Henry wa Kwanza, lilimteka Mfalme Stephen mjini Lincoln. Matilda akafika Westminster kungoja kutawazwa. Aliwadai wenyeji fedha, kama wafalme walivyofanya, nao wakachukia. Wakati huohuo, ng'ambo ya Mto Thames, askari wa Matilda mwingine, mke wa Stephen, walikuwa wakichoma na kupora. Mwezi Juni kengele zikalia, wenyeji wakatoka na silaha, na bintimfalme akakimbia akiacha chakula mezani. Septemba jeshi la malkia likamkamata Robert wa Gloucester, kaka na jemadari wa mpinzani wake, akabadilishwa na Stephen.

Mwandishi mmoja wa enzi hizo alimwona Matilda wa kwanza mwenye kiburi, na yule wa pili akamsifu kwa uthabiti wa kiume. Hata sifa ilibidi iazimwe kwa wanaume!

Watasema hao ni watu wa ikulu. Basi tumtazame Johanna Ferrour. Vita na Ufaransa vilileta kodi ya kichwa, peni 12 kwa kila aliyezidi miaka 15, mke kwa mume. Mwaka 1381 umma ukaasi. Hati za mashtaka zinamtaja Johanna kuwa kiongozi wa kundi lililochoma kasri la Savoy jijini London, likapakia kwenye mashua sanduku la fedha na kulivusha hadi Southwark. Anatajwa pia katika kukamatwa na kuuawa kwa Askofu Mkuu Sudbury.

Msomaji aliyekua akisikia habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaamsha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, hana la kushangaa hapo.

Watunzi wana kosa lao pia: wanamkabidhi kila shujaa upanga, kana kwamba bila huo haaminiki. Margaret Paston wa Norfolk hakuwa na upanga. Mwaka 1448, angali mama kijana, alimwandikia mumewe aliyekuwa London amnunulie pinde zinazofyatuliwa kama bunduki, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa fupi mno kwa upinde mrefu. Katika barua hiyohiyo aliagiza ratili ya lozi, ratili ya sukari na kitambaa cha nguo za watoto. Mgogoro uliomfanya aombe silaha ulikuwa juu ya Gresham, shamba walilonyang'anywa na Bwana Moleyns, na baadaye wakarudi kukaa huko. Januari 1450 watu wa Moleyns waliporudi kuwafukuza, kwa mujibu wa mashtaka ya mumewe, ilibidi wachimbe ukuta wa chumba alimokuwamo Margaret, kisha wambebe hadi nje ya lango.