Usingizi wa Aliyekesha Lindoni

Askari aliyekesha lindoni mpakani Koboko, au katika mitaa ya Arua, hurejea nyumbani jua likichomoza. Mwangaza huo huuarifu mwili kuwa wakati wa kuamka umewadia, nayo chai ya majani aliyokunywa alfajiri humnyima usingizi kwa saa kadhaa. Basi, ndugu askari, chai na ikomee usiku wa manane. Nawe mama, ziba dirisha kwa kitambaa kizito, zima redio, na watoto wachezee mbali. Wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, nyumba ya bati huchoma mchana. Aliye na nyumba ya nyasi na alale humo. Aliyekosa usingizi hukosea katika uamuzi, naye ana silaha mkononi.