Tahadhari: Vizibo viwili kwa bomba lipi?

“Weka vizibo viwili kwa bomba, nyanya zitapona.” Maneno kama haya, yakirekodiwa kwenye simu na kurushwa katika kundi la wakulima, yanaweza kulaza watu hospitali. Kizibo cha chupa ipi ya dawa, ya robo lita au ya lita nzima? Bomba la lita 16 au la 20?

Nawaambia haya ninyi mnaotengeneza mitandao ya kijamii ya simu kwa wakulima wasiojua kusoma. Kutumia sauti badala ya maandishi ni uamuzi mwema, nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini anayesoma ana pa kukimbilia: hugeuza chupa akatazama lebo. Asiyesoma, lebo yake ni hiyo sauti.

Na sauti ya mkulima mwenzake ina nguvu. Huko Gujarat, India, huduma ya Avaaj Otalo iliwawezesha wakulima kuuliza na kujibiwa kwa simu. Watafiti waliripoti mwaka 2012 kwamba wakulima walisema wanapendelea ushauri wa wataalamu, ila walipotumiwa vidokezo, walipiga simu zaidi kufuatilia vile vilivyotoka kwa wakulima wenzao. Siwalaumu. Jirani wamemwona akivuna.

Kwa hiyo msizindue programu yoyote inayoruhusu kipimo cha dawa kusambaa ovyo. Ujumbe wenye kipimo ausikilize kwanza bwana shamba. Uanze kwa kutaja msemaji, wilaya na mwezi, na uambatane na picha ya chupa inayoonyesha utepe wa rangi ulio sehemu ya chini ya lebo. Mwekundu ndio wa sumu kali zaidi. Kosa likigundulika, sauti ya masahihisho imfikie kila aliyeusikia ujumbe ule wa kwanza. Na kitufe cha kusambaza kisikae ubavuni mwa kitufe cha kusikiliza, maana kidole kilichozoea jembe hakikosi kuteleza.

Nawe kijana unayemshikia mama au babu simu, kipimo kisichotaja jina la dawa na ukubwa wa bomba usikirushe kwa mtu. Mpigie bwana shamba wa kata yenu. Aliyekwisha kupulizia akapata kizunguzungu au akatapika, mpelekeni kituo cha afya upesi, na chupa ya dawa mwende nayo.