Mweka hazina naye aalikwe

Tangu Marekani isimamishe misaada yake Januari 2025, wengi tunaoongoza vikundi vya jamii huku Voi tunaulizana pesa zitatoka wapi.

Mafunzo ya kuchangisha pesa yapo. Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, hufundisha kuchangisha fedha humu humu nchini kupitia Change the Game Academy, kwa ushirikiano na Wilde Ganzen ya Uholanzi. Baadhi ya masomo yako kwenye intaneti bila malipo. Lakini kiongozi wa kikundi kule Kasigau atayasomaje kwa simu ndogo, tena kwa Kiingereza? Chuo Kikuu cha Taita Taveta kiko papa hapa Voi. Kitupe ukumbi wakati wa likizo, tufundishwe kwa Kiswahili.

Na jamani, kuomba tunajua, harambee tumezaliwa nazo. Tunakwama baada ya kupokea. Mtu ametuma shilingi 200 kwa M-Pesa za tangi la maji la shule. Jina lake halikuandikwa kwenye daftari, hakupata hata ujumbe wa shukrani, tangi lenyewe hajui kama lilinunuliwa. Mwakani ukimwomba tena atanyamaza, na ana haki.

Kwa hiyo waandaaji wa mafunzo, nawasihi: msialike mwenyekiti peke yake. Mwiteni na mweka hazina, aje na daftari lake la stakabadhi, mlifungue pamoja ukurasa kwa ukurasa.